Wifi Alipomwalika Mtoni

Fundi hakuwa mtu wa kualikwa. Tangu aanze kutengeneza mafriji, watu walimtafuta maziwa yao yakishachacha tu. Kwa hiyo wifi yake alipompigia simu akasema, "Fungasha nguo, mimi na wewe na Msusi tunakwenda milimani kupiga kasia," alichouliza Fundi ni, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tunakwenda kupumzika, wifi."

Wifi huyo alikuwa dada wa mume ambaye Fundi aliachana naye zamani. Ndoa ilivunjika, uwifi ukabaki. Msusi naye, saluni yake ilitazamana na karakana ya Fundi, na kila asubuhi walikunywa chai pamoja. Hao ndio waliokuwa watu wake. Hata hivyo, njia nzima Fundi alikaa kiti cha nyuma akiwasikiliza kama anavyosikiliza mota ya friji. Mlio ukiwa laini kupita kiasi, alijua kuna kitu kinakaribia kuungua.

Nao walikuwa laini mno. Msusi, ambaye kunyamaza kwake ni kazi ngumu, alijibu kila kitu kwa "sawa" na "ndiyo". Kambini Fundi aliachiwa kitanda cha dirishani bila ugomvi. Akiingia bafuni, anasikia wananong'ona. Akitoka, wifi anasifia hewa.

Asubuhi akaja mwongozaji wa mtoni, baba mmoja mrefu, mpole wa sauti.

"Mke wake alifariki, maskini," wifi akamnong'oneza. "Na ni mtaratibu kweli."

Hapo Fundi akaona amewakamata. Kumbe wanamtafutia mume. Mwongozaji alipokuja kumkazia jaketi la kuelea, Fundi alimtupia jicho la pembeni mpaka yule baba wa watu akarudi nyuma.

"Basi kaza mwenyewe, dada," akasema. "Na mtumbwi ukipinduka, msishindane na maji. Laleni chali, miguu mbele."

Kila mmoja akaingia kwenye mtumbwi wake mdogo wa plastiki. Mto ulikwenda vizuri, maji baridi ya kuuma meno, mpaka kwenye kona yenye mawe, ambapo mtumbwi wa Msusi ulipinduka. Alizama, akaibuka akikohoa. Fundi, aliyekuwa karibu, akamnyooshea kasia, kisha akamwacha ang'ang'anie ncha ya mtumbwi wake mpaka wakafika penye changarawe na maji yaliyotulia.

Msusi alikaa chini, kofia imemwangukia usoni. "Naolewa," akasema.

"Na mwongozaji?"

"Na kaka yake." Akamwonyesha kwa kidevu wifi, aliyekuwa anakuja taratibu.

Wifi alikuwa na kaka mmoja tu.

Fundi akajipekua moyoni akitafuta wivu, hakuupata. Ni yeye aliyemwacha yule mwanamume, kwa hiari yake, na usingizi wake ukawa mzuri tangu siku hiyo. Kilichomchoma ni zile asubuhi zote Msusi alizommiminia chai huku anajua.

Wifi akafika, akawatazama, akaelewa. "Tulipanga tukuambie jioni, ukishakula."

"Mkanileta huku ili nisipate pa kukimbilia?"

"Ndiyo," wifi akakiri. "Mjini ungefunga mlango."

Hilo lilikuwa kweli, na likamuudhi zaidi. "Kwa hiyo umepata wifi mpya. Mimi sasa ni nani kwako?"

"Wifi yangu wa kwanza. Mimi sijaachana na wewe."

Fundi alisukuma mtumbwi wake majini, akatangulia peke yake hadi mwisho wa safari. Jioni, mezani, aliuliza kama kuna kingine walichomficha. Wakasema hakuna. Akauliza tena kabla ya kulala.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, karakana na saluni zilisalimiana kwa kichwa tu. Lakini harusini Fundi alikwenda, kwa sababu wifi alimfuata nyumbani na kumngoja avae. Alikaa karibu na mlango. Alipoondoka, Msusi akamfuata nje, gauni amelikusanya mkononi.

"Umenisamehe?"

"Bado nakuchunguza," Fundi akasema. Kisha, kwa kuwa zipu ya mgongoni ilikuwa imeachia, akamgeuza akamfungia.