Taa Nyekundu ya Lori la Kijiji

Korosho za kijiji kizima zilikuwa bado bandani, na banda lenyewe lilikuwa la makuti yaliyotoboka. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Zikilowa, jasho la mwaka mzima limekwenda. Tulikuwa na lori moja tu, na siku hiyo, tumetoka kushusha mzigo stoo ya Lindi, likawasha taa nyekundu ya oili.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kijiji, nimemaliza sekondari juzijuzi. Dereva wetu ni Mngindo, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani, ingawa kwa umri ni kama baba yangu mdogo. Alizima injini palepale, akachomoa kijiti cha kupimia.

“Oili imejaa,” nikasema. “Twende basi!”

“Imejaa chini. Taa inasema haipandi juu.”

“Labda taa ndiyo mbovu.”

“Nyie Wamwera, mtoto akilia mnamziba mdomo?”

Tukalisukuma mpaka gereji ya wakala wa malori. Fundi mkuu, koti jeupe na kalamu mfukoni, hakufungua hata boneti. Aliuliza kama tuna barua ya wilaya. Nilikuwa nayo. Akasema tuache gari, tuje kesho. Tukalala mtaa wa Rasbura, kwa shangazi yangu.

Asubuhi tukaambiwa gari tayari. Nikasaini karatasi upesi kwa furaha. Dereva akapanda, akafungua swichi bila kupiga stata, akatazama dashibodi. Akafunga. Akafungua tena.

“Taa iko wapi?”

“Si imezimika!” nikasema. “Tulitaka nini kingine?”

“Injini haijawaka, oili haijatembea. Sasa hivi ilitakiwa iwe nyekundu. Ikiwaka injini ndipo izime.”

Akapenyeza mkono nyuma ya dashibodi, akavuta waya uliokatwa na kuzungushiwa utepe vizuri kabisa. Fundi mkuu hakuona haya.

“Mlisema taa inawasumbua,” alisema. “Haiwasumbui tena. Pampu ya oili mpaka iagizwe Dar, ndugu. Miezi mitatu.”

“Pampu umeiona?”

“Kwani lazima niione?”

Naandika haya kwa aibu: nilimvuta dereva pembeni nikamsihi tuondoke hivyohivyo, polepole, safari moja tu. Akanitupia ufunguo.

“Endesha wewe. Mimi nitakuja kwa miguu kukuzika pale injini itakapokufia.”

Sikujua kuendesha hata baiskeli.

Tukalisukuma nje ya uzio. Akaunganisha waya, kisha akafungua kile kidude kwenye injini kinachoipa taa habari, akaniambia nipige stata. Pale kwenye tundu haikutoka oili hata tone. Basi akaingia chini ya lori, akamwaga oili yote kwenye debe, akashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Chujio la pampu lilikuwa limezibwa na tope jeusi, zito kama ugali. Pampu yenyewe nzima! Akaliosha kwa mafuta ya taa mpaka likang'aa. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kingo za sampo, ilipasuka, akakata nyingine kwenye boksi la sabuni nililoomba dukani kwa Mhindi, akifuata matundu ya bolti moja moja. Oili ya kubadili hatukuwa nayo, akachuja ileile kwa fulana yangu, akairudisha. Hakuniomba, aliniambia tu vua.

Mchana kutwa alilala chali kwenye mchanga, hakuharakisha bolti hata moja. Mafundi vijana wa gereji waliacha kazi, wakapanga mstari kwenye uzio wanatazama.

“Piga!”

Oili ikaruka tunduni ikampiga usoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Akarudisha kidude chake, akafungua swichi: nyekundu. Akawasha injini: taa ikazima. Sijawahi kuona kazi safi vile, na shuleni nilisoma fizikia miaka minne.

Kijijini mwenyekiti alitupokea kwa ukali. “Siku mbili! Mlikuwa mnakula wali wa shangazi?”

“Katibu wako aliugua ugonjwa wa haraka,” dereva akamjibu. “Tukangoja apone.”

Watu wakacheka, mimi nikatafuta pa kuficha uso. Nilitaka kueleza yote, lakini yeye alishashusha ubao wa nyuma anaita wapakiaji. Tulikwenda na kurudi siku nne. Gunia la mwisho liliingia stoo likiwa kavu, na mvua ikatukuta njiani tunarudi na lori tupu. Dereva akatoa mkono dirishani, akauacha ulowe.