Kufuli la Fundi Mdogo

Lifti ya jengo la manispaa ilikuwa imelala wiki tatu, na mheshimiwa meya, na kitambi chake, akawa anapanda ngazi za ghorofa nne kama sisi wengine. Usimwonee huruma. Katika kazi ya lifti, anayeingia shimoni hufunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, na hakuna mwingine anayelifungua. Aliyelifunga hili alikuwa fundi mdogo. Mkanda wake wa usalama ulikatika, akaanguka, wakamzika. Kufuli likabaki pale pale.

Kaka yake, fundi mkubwa, alifanya naye kazi miaka kumi na moja. Tangu mazishi hakulia wala hakukasirika. Alikula akiwekewa, alilala akiambiwa. Jumatatu iliyofuata tume ya kuchunguza ajali ingemuuliza kama mikanda mipya iliwahi kuombwa. Iliombwa, mara tatu, na barua zote zilikwenda kukaa mezani kwa meya. Akisema hivyo, mjane wa mdogo wake atapata haki yake. Akinyamaza, basi tena.

Ijumaa meya, akihema, alimkuta kwenye ngazi. "Fundi, kesho jioni pita nyumbani tunywe hata soda. Mazungumzo tu."

Mazungumzo tu, eti. Mtu na akili zake ataamini?

"Anataka kukuziba mdomo," alisema shemeji yake, mjane wa marehemu, akikunja mashati ya mumewe. Barua ya rambirambi ya meya, na sahihi yake, ilikuwa bado juu ya kabati. "Usiende, shemeji."

"Nisipokwenda atajua nimeshaamua. Hapo kazi sina tena."

"Na ukienda?"

Shemeji akatoa ufunguo wa lile kufuli, uliorudi na nguo kutoka hospitali, akamtia mkononi. "Basi nenda nao. Usije ukasahau umetoka wapi."

Alikwenda. Meya alimfungulia mlango mwenyewe, kandambili miguuni, akamimina soda, akauliza habari za nyumbani, akacheka. Fundi alishika bilauri na hata ubaridi wake hakuuhisi. Alisubiri bahasha, au kitisho. Hakikuja hiki wala kile.

"Sasa fundi, magoti yangu yamekwisha. Lifti lini?"

"Mpaka aliyefunga swichi afungue, mheshimiwa."

"Nani huyo?"

"Mdogo wangu."

"Yule mrefu, mcheshi? Mbona hukuja naye? Mwambie afungue, bwana. Wiki ijayo mje wote wawili."

Fundi alimtazama usoni, akatafuta hila. Hakuiona. Mtu huyu hajui. Rambirambi aliitia sahihi bila kuisoma, na zile barua za mikanda hakuzigusa kabisa. Hapo ndipo kitu kilipomchoma kifuani, mara ya kwanza kwa wiki tatu.

Aliweka bilauri mezani, imejaa vilevile. "Nitamwambia, mheshimiwa."

Mengine atayasikia Jumatatu, mbele ya watu.

Barabarani alilia, mtu mzima, ufunguo ameukaza kiganjani, akipishana na watu waliotoka kununua mkate. Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni kwa tume.