Papa wa Arobaini

Nianze na upuuzi wenyewe, maana hata nikiuficha ndugu zangu watawaambia: siku ya arobaini ya baba mdogo, mbele ya sinia la ubwabwa, niliwaambia wafiwa wale taratibu, wasije wakamtafuna marehemu.

Msinihukumu bado. Nilikuwa na miaka minane. Na mpaka leo, darasa la nane na ndevu tatu kidevuni, harufu ya papa mkavu ikinijia gulioni, ile harufu kali ya chumvi na jua inayomfuata mtu mpaka ndani ya shuka, masikio yangu hupata moto kabla pua haijamaliza kunusa.

Baba mdogo alikuwa mume wa mdogo wake mama. Alifanya kazi kwenye mashua ya kuchukua boriti Rufiji. Ikapinduka baharini, wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana tena. Mama mdogo akatoka Mbwamaji, akaja kukaa eda kwetu Chole, chumba cha nyuma. Tangu aingie mle alikuwa akinywa uji tu, tena nusu kikombe, mpaka kaniki ikawa inamteremka yenyewe. Mama alimpikia kila anachokijua, vyakula vikarudi jikoni kama vilivyo. Karibu na arobaini mama mdogo akasema labda papa angemshuka kooni. Mama alikwenda kwa miguu hadi gulio la Maneromango kumtafuta papa huyo.

Sasa, kichwani mwangu mlikuwa na mambo mawili. La kwanza, mwalimu. Alituchorea ubaoni vijidudu vya baharini, juu yao dagaa, juu yao samaki wakubwa, na juu kabisa papa, kama vile picha ya Mfalme ilivyokaa juu ya ubao wetu. Akasema papa hula chochote, na jino likimtoka jingine liko nyuma linangoja zamu. La pili, mtani wetu, Mnyamwezi aliyekuwa akikata mkonge upande wa Kibaha kabla hajaoa kwetu. Matangani alivaa kofia ya baba mdogo, akalala kifudifudi uani, akaogelea mchangani huku akimlaumu marehemu kwamba kakimbia deni la tumbaku. Watu walicheka. Mama mdogo mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kaniki.

Nikasema moyoni, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

Basi siku ya arobaini sinia likaingia chumba cha nyuma, wafiwa wa kike wakalizunguka, papa kapikwa kwa nazi nzito, mafuta yanaelea. Mama mdogo alifinyanga tonge, akalichovya, akaliinua. Mama alisimama mlangoni ameshika upawa, hapumui. Na mimi, nimevaa kofia ya baba yangu iliyonifunika mpaka nyusi, nikaona hapo ndipo pangu.

"Kuleni taratibu jamani, msije mkamtafuna baba mdogo."

Hakucheka mtu. Mama mdogo alilitazama tonge, akalirudisha kwenye sinia polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akageukia ukuta. Mama hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alinivua kofia tu.

Uji ukarudi, safari hii robo kikombe. Usiku nilimsikia mama akimwambia baba kwamba mdogo wake anamponyoka mikononi. Asubuhi akaweka papa na wali kwenye bakuli, akanipa mimi nipeleke.

Niliingia nikatazama miguu yangu, nikasema shikamoo. Mama mdogo akaitikia marahaba, akanigongea mkekani nikae. Akaniuliza nani kanifundisha habari za papa. Nikamtaja mwalimu. Akasema yeye kule Mbwamaji amepasua matumbo ya papa tangu akiwa mdogo kuliko mimi, akiwatia chumvi na kuwaanika: mle ndani amekuta pweza, kaa, samaki taa na mwiba wake, na samaki waliokwisha kuumizwa na ndoana. Papa hajisumbui kumkimbiza mwenye nguvu zake akiwepo aliyechoka. Na mzoga ukielea, ndiye huufagia. Asingekuwepo, alisema, bahari ingenuka mpaka huku Chole.

Nikauliza, mjinga mimi, kama aliwahi kukuta mtu.

"Sijakuta," alisema. "Lakini unadhani wazo lile ni lako, mwanangu? Mie nililala nalo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nikamwomba dada yangu papa. Nilitaka kujua kama nitaweza kukaa naye sinia moja bila kumchukia."

Akavuta bakuli. Tonge la kwanza alilitafuna muda mrefu, macho kafumba. La pili akanilisha mimi. Tukala hivyo, mimi nalia, nazi inanichuruzika kidevuni, mpaka bakuli likabaki tupu.

Ilinichukua miaka kuona kwamba mchoro wa mwalimu ulikuwa na kasoro: hakuna aliyekaa juu kabisa. Papa akifa, vijidudu vile vya chini vinamngoja. Mama mdogo alilijua hilo kwa mikono yake, na alikuwa akijaribu kulimeza, kweli kweli, nilipomkatiza kwa mzaha.

Nilimpelekea mama bakuli tupu. Alilitazama sana, akaligeuza, akalitazama tena. Nikajua nimesamehewa, nikaanza hata kutabasamu. Ndipo akasema:

"Mtani wetu alipomaliza kutuchekesha, alikata kuni za matanga yote peke yake. Wewe hujakata hata kijiti. Shoka liko nyuma ya mlango."