Fensi ya Kufika Kifuani

Nikisikia mtu akisema fensi huua ujirani, hunijia hamu ya kumleta kwangu Kitengela nimwonyeshe yangu. Mimi ni mtu wa ubishi, na ubishi huu nimeushinda.

Tulipojenga hapa, jirani wetu wa pekee alikuwa mama mmoja Mmaasai, mjane, mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Watoto wangu walimpenda kabla yangu. Wakitoka shule walipitia kwake kwanza, wakainamisha vichwa kama walivyoona watoto wa Kimaasai wakifanya, naye akawagusa utosini mmoja mmoja. Sisi ni watu wa magharibi, bibi zao wako mbali. Wakamwita koko, yaani nyanya kwa Kimaa, nami nikafurahi mno.

Halafu nikapanda sukuma wiki.

Kati ya ploti zetu hapakuwa na kitu ila mawe ya mpaka yaliyofunikwa na nyasi, na mbuzi hawajui mawe ya mpaka ni nini. Walikuja asubuhi, wakaja mchana. Mimi nina mdomo, na niliutumia. Mama alikuja akichechemea na fimbo yake, akawaswaga, akaondoka bila kunitazama. Mwishowe hata salamu zilikauka, na watoto wakaanza kuniuliza kama bado wanaruhusiwa kwenda kwa koko. Swali hilo liliniuma kuliko mboga zote zilizoliwa.

Nikamwambia mume wangu tuweke fensi.

"Ukiweka sasa," akasema, "huyo mama atajua umemfukuza."

Kina mama wa kanisani nao wakasema vivyo hivyo. Mfugaji, wakanieleza, ukimzibia njia umemtukana.

Jumamosi moja nilijifunga leso nikaenda kumwambia mwenyewe, maana sikutaka asikie habari hizo kwa fundi. Nilimkuta ameketi mlangoni pake. Nikayatoa yote kwa pumzi moja: yeyo, mama yangu, nataka kuweka fensi, na sitaki tukosane.

"Hiyo maneno nimengoja sana," akasema. "Mimi niko na mbuzi mingi na mguu moja mgonjwa. Kila asubuhi naamka na uoga, nasema leo tena huyu mama atapiga kelele. Na nikikuambia uweke fensi, utasema nakufukuza."

Niliketi chini palepale, kwenye vumbi, na leso yangu safi. Miezi yote hiyo kila mmoja wetu alikuwa akiitaka fensi na kumwogopa mwenzake. Nilisikia raha mpaka machozi yakanitoka.

"Lakini usiweke ile ya mawe," akaendelea. "Mkono yangu itafikia watoto aje?"

Nguzo alizileta mwanawe kwa pikapu, akitoka kuuza ng'ombe sokoni Kajiado. Fundi alipofika na waya, mama alikwenda akasimama mpakani, akaweka kiganja kifuani pake na kusema fensi iishie hapo. Fundi akacheka, akamwambia mbuzi wataruka.

"Hao ni wangu," akamjibu. "Najua uvivu yao."

Hakuna hata mmoja aliyeruka. Jioni waya ulipokazwa, watoto walikimbia wakasimama kando yake na kuinamisha vichwa, na ule mkono ukapita juu ukawafikia wote. Mume wangu alikuwa amesimama pale akitazama. Nilimgeukia makusudi ili aone nilivyokuwa nikitabasamu.

Mboga zilinawiri kwa fujo. Nilikata fungu kubwa, lile la kwanza kabisa, nikampitishia juu ya waya. Kesho yake asubuhi aliniita mpakani, uso mkavu kama wa hakimu.

"Ile mboga nimepika," akasema. "Ni tamu sana. Mbuzi hawakuwa na makosa."

Nilicheka mpaka ikabidi nishike nguzo. Naye alikuwa ameshika nguzo ya pili, akicheka, kila mtu kwake.