Fundi Aliyebana Pumzi

Fundi wa kuchomelea vyuma aliambiwa karakana yao inafungwa mwisho wa mwezi. Watabakizwa wawili tu, wa kufundishwa kuzamia na mtungi wa hewa, wakachomelee milango ya chuma ya bwawa la umeme, iliyoliwa na kutu chini ya maji. Lakini kabla ya kuugusa huo mtungi, sharti mtu aogelee mita mia mbili, kisha aelee chali dakika kumi.

Fundi akajiandikisha mafunzo kwenye bwawa la kuogelea la mjini. Kuogelea alijikaza akaweza, ingawa alipiga maji kama anayegombana nayo. Kuelea ndiko kulikomshinda. Alibana pumzi mpaka mashavu yakavimba, halafu ikimtoka yote kwa mkupuo, huyo chini.

"Baba, pumua!" mwalimu wake, binti wa rika la kifungua mimba wake, alimpigia kelele. "Hiyo pumzi unambania nani?"

"Si ulisema nijaze kifua, mwanangu?"

"Nilisema ujaze, sikusema ufunge! Ukibana hivyo huko chini na mtungi, ukipanda utapasua mapafu."

Fundi akachanganyikiwa. Miaka ishirini na minane, moto ukiwaka mbele ya kinyago, alibana pumzi ili mkono usitikisike. Kwa mkono huo walimsifu. Sasa kilichomlisha ndicho kinachomzamisha?

Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akikunja nguo.

"Baba watoto, ukisali kwa sauti unabana pumzi?"

"Nitasalije nimebana?"

"Basi sali."

"Kwenye bwawa la watu?"

"Kwani Mungu anaogopa maji?"

Siku ya mtihani alimaliza mita zake, akapumzika, kisha akalala chali. Masikio yakaingia majini, dunia ikanyamaza. Akaanza kunong'ona. Alimwombea mkewe, watoto wanne mmoja mmoja, mama mkwe na goti lake, hata mashine ya kuchomelea.

"Mwalimu, mzee anaaga!" mwanafunzi mmoja alipiga kelele.

Mwalimu aliinama, akasikiliza, akatazama saa yake, akamwacha aendelee. Baadaye alimgusa bega. Fundi alishtuka nusura anywe maji.

"Nimekosea wapi?"

"Dakika kumi na mbili, Baba. Umefaulu. Jumatatu tunaanza na mtungi."

Fundi alisimama, maji yakimfika kifuani, akaangalia mikono yake.

"Lakini mbona sijafanya kitu?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

Alitoka kutafuta kandambili zake, haelewi hata kidogo, midomo bado ikichezacheza. Alikuwa hajafika kwenye amina.