Fatou Amemshika Vidole Mdogo Wake

Msiniulize kama naamini majini. Someni tu. Maiti ilimshika mama yangu mdogo vidole, na hiyo maiti ilikuwa ya mama aliyenizaa.

Mama yangu, Fatou, alipofariki hapa Likasi, aliyemwosha ni mdogo wake, mama Khadija. Ndiye anayeosha maiti za wanawake msikitini kwetu, mtaa wa Panda. Hajawahi kuogopa.

Siku hiyo alitoka na vidole vyeupe pe!

Tukasema ni baridi ya Juni. Vikawa vya bluu, vikawa vyekundu, vikatulia. Kesho yake akagusa maji, vyeupe tena.

Basi mama Khadija akapata jibu lake. Wawili hao walikuwa hawasemezani. Siku ya Idi, mbele ya wageni, mama alikataa kumega bukari, ugali wetu, kwenye sinia moja na mdogo wake, akaomba kijiko. Khadija akaona amedharauliwa kwa ajili ya kazi yake ya maiti. Akanyanyuka, na hawakusalimiana tena mpaka alipoitwa kumwosha.

"Fatou hayanisamehe bado," aliniambia. "Iko nanishika vidole."

Nilimcheka. Yeye kila Ijumaa akawa anaenda kaburini kuomba msamaha. Kidonda kikatokea kwenye ncha ya kidole, kikagoma kupona, kikawa cheusi. Nikisema hospitali, ananijibu kwamba msamaha wa marehemu hauuzwi famasi.

Nikaogopa atapoteza mkono mzima. Mume wangu Idriss akawasha gari, tukampeleka Lubumbashi kwa lazima.

Daktari Tshimanga aliitazama ile ngozi iliyokaza hadi inang'aa, akaagiza vipimo vya damu. Alama za damu kuganda zilikuwa juu mno.

"Haina muzimu, mama," alisema. "Ni maladi ya kukaza ngozi. Mishipa inajifunga, na damu iko naganda mule ndani. Tutapigania hiki kidole."

Kisha akauliza kama kuna mwingine katika familia mwenye mikono kama hii.

Mama Khadija alivitazama vidole vyake. Akasema alipomwosha dada yake, vidole havikukunjuka, na ncha zake zilikuwa na vishimo. Alidhani ni kifo tu.

"Fatou hakukuwa nanikatala," alisema. "Mukono ndiyo ilikuwa inamukatala. Alisikia haya kuionyesha."

Akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Nami nikakumbuka mama alivyokuwa akihangaikia pumzi, sisi tukisema ni vumbi.

Daktari akanigeukia. Alisema mara chache ugonjwa huu huwapata watu wa damu moja. Akaomba kuona mikono yangu.

Nilikuwa nimeificha chini ya kitenge. Tangu Mei, kabla ya msiba, nilikuwa naificha, hata Idriss hakujua.

Mama Khadija aliivuta yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akaiweka mezani.

Wapendwa, mtu wako akikunyima mkono, usinune kwanza. Muulize kama unamuuma. Mimi nimeulizwa mapema, nikajibu ndiyo, na leo natumia dawa. Mama yangu hakuna aliyemuuliza.