Skrini Nyeusi na Watoto wa Wamaza

Dada yangu ni muuguzi kule Wamaza. Siku aliyokuja kwangu Kasongo, alishuka kwenye pikipiki na vumbi mpaka kwenye kope, akafungua kitenge na kunitolea diski ya kompyuta ya kituo chao cha afya. Kompyuta yenyewe ilikuwa imeungua.

"Mudogo wangu, humu ndani muko watoto wote wenye nilichanja. Unitolee majina na tarehe."

Ninafundisha informatiki katika shule ya sekondari, na nilijiona fundi. Kompyuta yao ilikuwa ya aina ya zamani isiyopatikana tena, lakini nilikuwa na programu ya kuiga mashine, inayofanya kompyuta moja ijifanye nyingine. Unaitajia mashine unayotaka iige, kisha aina ya prosesa, yaani ubongo wa mashine hiyo. Nikaitajia. Ikapokea bila neno, halafu skrini ikabaki nyeusi.

Nilizima, nikawasha, nikabadilisha waya. Sikuweza kutulia, nilikwenda mpaka sokoni nikarudi mikono mitupu. Kesho yake dada aliponiuliza kama kuna tumaini, nilimjibu kwa uchovu na aibu: "Diski imekufa."

Hakulia. Alikunja kitenge chake polepole.

"Basi nitatembea. Nitauliza mama mumoja-mumoja."

Akaniachia diski, akapanda pikipiki.

Alipoondoka, nilianza kujiuliza kama kosa lilikuwa la diski kweli au la programu. Programu ile iko wazi, mtu yeyote anaweza kusoma jinsi ilivyoandikwa. Nikaanza kuisoma, hata darasani, wanafunzi wakiwa wameinamia mazoezi yao. Siku ya nne nikaona. Mashine niliyochagua ilikubali prosesa za aina tatu tu, na niliyoitaja haikuwa mojawapo. Programu haikuhakikisha chochote: ilipokea, ikaanza kazi, ikakwama kimya. Nilibadilisha neno moja, na majina ya watoto yakaanza kupanda kwenye skrini.

Nilimpigia dada simu, haikupita. Nikamtuma dereva wa pikipiki aliyekuwa akielekea Kabambare kupitia Wamaza. Alipomkuta, dada alikuwa amekwisha kuzunguka vijiji vitatu kwa miguu, na mama wengi hawakukumbuka tarehe.

Habari hiyo ilinichoma. Nikaandika marekebisho: kabla ya kuanza, programu ichunguze aina ya prosesa, kama haikubaliki, isimame na kuitaja kwa jina, kisha ionyeshe zinazokubaliwa. Nikayatuma kwa wanaoitunza, watu nisiowajua. Kila saa nilitoka nje na simu kutafuta mtandao. Jibu lilipokuja, mmoja wao aliandika kwamba uchunguzi ni mzuri, lakini ujumbe ni mrefu na unaorodhesha hata prosesa za mashine nyingine. Nilikasirika, nikatembea, nikarudi nikaufupisha. Wakaurudisha tena. Mara ya tatu wakaupokea.

Dada alirudi kuchukua orodha niliyomchapishia. Nilimwonyesha ujumbe mpya kwenye skrini, nikamweleza maana yake. Aliutazama.

"Na weye," aliniuliza, "siku ile ulijua diski imekufa, ao ulizania tu?"

"Nilizania."

"Ungesema ulizania. Ningengoja."

Nilimletea maji ya kuosha miguu, kisha bugali na sombe, majani ya muhogo. Alikula kidogo, akatoa daftari alilojaza vijijini na kuanza kulinganisha tarehe. Kila alipokuta tofauti, alisoma jina la mtoto kwa sauti na kuandika upya. Nilikaa mbele yake nikisikiliza majina yote.